Namna ya Kupima Sifa za Nyota Changa kwa Spektra ya Infraredi

Wanaoanza kuchunguza nyota changa huuliza maswali yaleyale: waanzie wapi baada ya kupakua data, kwa nini joto walilopata halilingani na lililochapishwa, na kwa nini mistari ya spektra yao (mwanga wa nyota uliotawanywa kwa urefu wa mawimbi) ina kina kidogo kuliko ile ya modeli. Mwongozo huu unajibu maswali hayo kwa kufuata mpangilio wa kazi yenyewe, kuanzia faili ghafi mpaka masi, umri na kasi ya umezaji wa gesi (gesi inayoizunguka nyota na kuanguka juu yake). Unahusu nyota za aina ya T Tauri, kundi ambalo Alfred Joy alilitambulisha mwaka 1945. Hizi ni nyota zenye masi isiyozidi mara mbili ya ile ya Jua na umri wa miaka milioni chache, na nyingi bado zimezungukwa na diski ya gesi na vumbi.

Nadharia unayoihitaji ni fupi. Vumbi linalopunguza mwanga unaoonekana kwa magnitudo 10 (magnitudo ni kipimo cha mwangaza), yaani mara 10,000, hupunguza mwanga wa bendi K, karibu na maikromita 2.2, kwa takriban magnitudo moja tu. Kwa hiyo infraredi hutuwezesha kuiona nyota ambayo darubini ya mwanga wa kawaida haiioni kabisa. Gharama yake ni kwamba diski nayo hung'aa katika infraredi, na mwanga wake huchanganyika na ule wa nyota. Sehemu kubwa ya kazi iliyo mbele yako ni kutenganisha vitu vilivyofika pamoja: angahewa ya Dunia, vumbi, diski, na hatimaye nyota yenyewe.

Mahitaji kabla ya kuanza

Huhitaji darubini yako mwenyewe. Hifadhi za umma za vituo kama Keck, IRTF, Gemini na ESO zina spektra nyingi ambazo muda wake wa faragha umekwisha na ambazo mtu yeyote anaweza kuzipakua. Hakikisha una vifuatavyo:

- Kompyuta yenye Python pamoja na maktaba za NumPy, SciPy na Astropy.
- Spektra ya nyota unayoichunguza, pamoja na spektra ya nyota ya rejea ya daraja A0 (nyota nyeupe yenye joto kubwa) iliyochukuliwa usiku uleule kwa chombo kilekile.
- Programu ya kuchakata data iliyotengenezwa kwa ajili ya chombo hicho, kwa mfano Spextool kwa data ya SpeX, spektrografu ya IRTF.
- Modeli za angahewa za nyota, kama vile PHOENIX au MARCS, au maktaba ya spektra za nyota halisi kama ile ya IRTF.
- Magnitudo za bendi J, H na K (mikanda mitatu ya infraredi) kutoka orodha ya 2MASS, na paralaksi (kipimo cha umbali) kutoka setilaiti ya Gaia.
- Jedwali la modeli za ukuaji wa nyota, kwa mfano zile za Baraffe na wenzake za mwaka 2015.

Usianze kazi bila nyota ya rejea kwa matumaini kwamba utaipata baadaye. Zipo programu zinazotengeneza modeli ya angahewa ya Dunia, kama molecfit, nazo hufanya kazi vizuri, lakini anayeanza hujifunza upesi zaidi akiwa na spektra halisi ya kulinganishia.

Hatua ya 1: Chagua nyota rahisi na data inayotosha

Nyota yako ya kwanza iwe ile ambayo diski yake imekwisha au karibu kwisha, kama V830 Tau iliyo katika eneo la Taurus, umbali wa takriban parseki 140 (parseki moja ni miaka-nuru 3.26 hivi). Ukishapata thamani zinazokaribiana na zilizochapishwa, ndipo uende kwenye nyota zenye diski. DR Tau, kwa mfano, ina mwanga mwingi wa ziada kiasi kwamba mistari ya nyota karibu imezama, nayo si mahali pa kujifunzia. FU Orionis, iliyolipuka kwa mwanga mwaka 1936, iepuke kabisa kwa kazi hii: mistari ya ufyonzaji unayoiona humo hutoka kwenye diski yenye joto, na modeli ya nyota itakupa majibu yasiyo na maana hata kama yataonekana kukubaliana na data.

Angalia pia uwezo wa spektrografu wa kutenganisha mawimbi. Uwezo wa 2,000, kama ule wa SpeX, hutenganisha kasi za takriban kilomita 150 kwa sekunde. Unatosha kukadiria daraja la nyota, vumbi na nguvu ya mistari ya haidrojeni. Uwezo wa 45,000, kama ule wa IGRINS, hushuka hadi kilomita 7 kwa sekunde hivi, na hapo ndipo unapoweza kupima mzunguko wa nyota na uga wake wa sumaku. Uwiano wa ishara na kelele usipungue 100 kwa kila pikseli. Chini ya hapo utapata majibu, ila utakuwa unapima kelele.

Hatua ya 2: Chakata faili ghafi

Uchunguzi wa infraredi hufanywa kwa kuisogeza nyota kati ya sehemu mbili za mwanya wa spektrografu, A na B, kwa mpangilio wa ABBA. Ukitoa picha ya B kwenye picha ya A, mwanga wa anga na sehemu kubwa ya joto la darubini yenyewe huondoka kwa pamoja. Gawanya kwa picha ya mwanga sawia (picha ya taa inayoangaza kigunduzi kizima sawasawa), kisha chopoa spektra.

Urefu wa mawimbi husawazishwa kwa taa za argoni au kwa mistari ya molekuli za OH inayong'aa angani usiku. Hapa kuna kosa linalojirudia kuliko yote niliyoona katika kazi za wanaoanza, nalo ni kuchanganya mawimbi ya ombwe (urefu wake mahali pasipo hewa) na mawimbi ya hewani. Katika maikromita 2.2 tofauti yake ni takriban angstromu 6 (angstromu 10,000 ni maikromita moja), ambayo ni sawa na kasi ya kilomita 82 kwa sekunde. Spektra nyingi za infraredi zimeandikwa kwa mawimbi ya ombwe, ilhali baadhi ya orodha za mistari zimeandikwa kwa mawimbi ya hewani. Soma kichwa cha faili kabla ya kudhani.

Hatua ya 3: Ondoa alama za angahewa ya Dunia

Mvuke wa maji, kaboni dioksidi na methani huchonga mistari mingi juu ya spektra yako. Kaboni dioksidi huharibu zaidi maeneo ya karibu na maikromita 2.01 na 2.06, na methani huonekana baada ya 2.3, palepale penye mistari muhimu ya kaboni monoksidi ya nyota. Gawanya spektra ya nyota yako kwa ile ya nyota ya A0, kisha zidisha kwa modeli ya Vega, nyota ya daraja hilohilo, ili kurudisha umbo sahihi la mwanga.

Nyota za A0 hupendwa kwa sababu karibu hazina mistari isipokuwa ya haidrojeni. Lakini hiyo ya haidrojeni ni mipana na yenye kina, na usipoiondoa kwenye nyota ya rejea kabla ya kugawanya, utatengeneza mstari wa utoaji wa uongo katika maikromita 2.166. Huo ndio mstari wa Brackett gama utakaotumika katika Hatua ya 8 kupima umezaji wa gesi, kwa hiyo kosa hili huipa nyota iliyotulia diski ambayo haipo.

Nyota ya rejea iwe imechunguzwa ndani ya saa moja hivi ya nyota yako, na ikiwa juu ya upeo kwa kimo kinachokaribiana, ili mwanga wa zote mbili uwe umepenya kiasi sawa cha hewa. Baada ya kugawanya, tazama maeneo yenye ufyonzaji mkali wa angahewa. Yakibaki na kelele nyingi, yawekee alama na usiyatumie tena, haisaidii kuyalazimisha.

Hatua ya 4: Sahihisha kasi

Kwanza ondoa mwendo wa Dunia kuzunguka Jua, ambao unaweza kuhamisha mistari kwa hadi kilomita 30 kwa sekunde. Astropy ina zana ya kufanya hesabu hiyo. Kisha linganisha spektra na modeli kwa kuzisogeza moja juu ya nyingine mpaka zilingane vizuri zaidi, na upate kasi ya nyota yenyewe. Ukipata kasi iliyo mbali sana na ile ya nyota jirani za eneo hilo, shuku usawazishaji wako au shuku kwamba nyota ni pacha.

Hatua ya 5: Tambua mistari

Chora spektra ya bendi K na uitazame kwa macho kabla ya kuipa kompyuta. Utafute sodiamu katika maikromita 2.206 na 2.209, titani karibu na 2.22, kalsiamu karibu na 2.26, magnesiamu katika 2.281, na ngazi za kaboni monoksidi zinazoanza 2.2935. Alumini iko 2.110 na 2.117. Ukiona haidrojeni molekuli ikitoa mwanga katika 2.122, mara nyingi kuna gesi inayotiririka kutoka kwenye nyota au kugonga mazingira yake.

Katika nyota baridi, sodiamu na kalsiamu huimarika kadiri nguvu ya mvutano (graviti) kwenye uso wa nyota inavyoongezeka, ilhali kaboni monoksidi huimarika kadiri mvutano unavyopungua. Nyota changa hukaa katikati: logi ya mvutano wake (kwa sentimita kwa sekunde ya mraba) huwa karibu na 3.5 hadi 4, wakati nyota kibete ya joto hilohilo iliyokomaa ina karibu 4.5 au zaidi, na nyota jitu iko chini zaidi.

Hatua ya 6: Pima joto, mvutano, ufifizaji na mzunguko kwa pamoja

Hii ndiyo hatua inayobeba kazi yote, na ndiyo inayoharakishwa kuliko inavyostahili.

Mwanga wa diski hauna mistari ya nyota. Unapoongezwa juu ya mwanga wa nyota hujaza mistari na kupunguza kina chake. Uwiano wa mwanga wa diski kwa mwanga wa nyota huandikwa kwa herufi r, nasi tuuite ufifizaji. Mstari wenye upana linganifu (kipimo cha nguvu ya mstari) wa angstromu 4 katika nyota tupu utaonekana kuwa na angstromu 2 pale r inapokuwa 1, na angstromu 1 pale r inapokuwa 3. Asiyejua hili atasoma mstari dhaifu kama dalili ya joto kubwa, au ya mvutano mdogo, au ya upungufu wa metali, na kila moja ya tafsiri hizo itaonekana kuwa na mantiki.

Ndiyo maana usipime joto kwanza, halafu mvutano, halafu ufifizaji. Zote zinasomwa kwenye mistari ileile, na kosa la mojawapo hulipwa na nyingine bila kujitangaza. Fanya hivi:

a) Anza na uwiano wa mistari iliyo karibu, kwa mfano sodiamu kwa kalsiamu au titani kwa alumini. Ufifizaji hupunguza mistari jirani kwa kiwango kimoja, kwa hiyo uwiano wake hubaki karibu uleule. Hili hukupa makadirio ya awali.

b) Tengeneza modeli kwa kila mchanganyiko wa joto, mvutano, ufifizaji na kasi ya mzunguko, kisha ilinganishe na data. Acha sifa zote zibadilike kwa wakati mmoja, kwa njia ya mnyororo wa Markov ikiwezekana (njia ya kujaribu thamani nyingi kwa bahati nasibu), ili uone jinsi zinavyovutana.

c) Ruhusu r ibadilike kutoka eneo moja la spektra hadi jingine. Vumbi la ukingo wa ndani wa diski huwa na joto la takriban kelvini 1,500, hivyo mchango wake ukilinganishwa na ule wa nyota hukua kuelekea mawimbi marefu. Thamani ya r katika bendi J kwa kawaida ni ndogo kuliko katika bendi K.

d) Tenganisha mzunguko na uga wa sumaku. Nyota hizi huwa na uga wa kilogausi moja hadi tatu hivi, na mgawanyiko wa mistari unaosababishwa na uga huo hukua kwa mraba wa urefu wa wimbi. Kwa mstari wa titani wenye wepesi mkubwa wa kuitikia sumaku karibu na 2.22, uga wa kilogausi 2 huhamisha sehemu za mstari kwa angstromu 1.15 hivi kila upande, sawa na kilomita 15 kwa sekunde. Mistari ya kaboni monoksidi haiitikii sumaku kwa kiasi cha kuhesabika. Basi pima mzunguko kwa kaboni monoksidi, kisha uone titani imepanuka kiasi gani zaidi. Ukiupuuza uga wa sumaku, modeli itatafuta upana huo mahali pengine, na mara nyingi itauchukua kutoka kwenye mvutano au joto.

Usiamini makosa madogo mno yanayotolewa na programu. Ikikuambia joto ni 3,912 jumlisha au toa 6, imehesabu kelele ya data peke yake na haijui lolote kuhusu udhaifu wa modeli. Rudia kazi kwa modeli za aina nyingine, na tofauti ya majibu ndiyo kosa lako la kweli.

Hatua ya 7: Hesabu mng'ao, nusukipenyo, masi na umri

Tumia magnitudo ya bendi J, kwa sababu huko vumbi si kizuizi kikubwa kama katika mwanga unaoonekana, na diski haijatawala kama katika K. Kadiria kizuizi cha vumbi kwa kulinganisha umbo la spektra na lile la nyota isiyo na vumbi ya joto hilohilo. Kizuizi cha J ni takriban asilimia 28 ya kile cha V, bendi ya mwanga unaoonekana. Usisahau kupunguza mchango wa diski ukitumia r ya bendi J. Umbali uchukue kutoka Gaia: paralaksi ya milisekunde 7.1 za tao ni parseki 141. Kipimo cha Gaia kiitwacho RUWE, kinachoonyesha ubora wa ulinganifu wa vipimo vyake, kikizidi 1.4, paralaksi hiyo itumie kwa tahadhari.

Tuchukue nyota yenye kelvini 4,000 na mng'ao sawa na wa Jua. Jua lina kelvini 5,772, kwa hiyo nusukipenyo ni mraba wa 5,772 kwa 4,000, yaani mara 2.08 ya Jua. Ikiwa masi yake ni 0.7 ya Jua, logi ya mvutano inatakiwa kuwa 3.65. Linganisha namba hiyo na ile uliyoipata kutoka kwenye mistari. Sioni kipimo kingine rahisi kinachofichua makosa mengi namna hii.

Masi na umri husomwa kwa kuiweka nyota kwenye mchoro wa joto na mng'ao wa modeli za ukuaji. Nyota changa zenye masi ndogo hushuka karibu wima katika mchoro huo: joto hubadilika kidogo huku mng'ao ukipungua. Kwa hiyo joto ndilo linaloamua masi, na mng'ao au mvutano ndio unaoamua umri. Modeli zinazojumuisha uga wa sumaku, kama za Feiden, hutoa umri mkubwa na masi kubwa kuliko zisizoujumuisha. Taja modeli uliyotumia kila unapoandika umri, na usiandike umri wa miaka milioni 2.37.

Hatua ya 8: Pima kasi ya umezaji wa gesi

Pima mwanga wa mstari wa Brackett gama, usahihishe kwa kizuizi cha vumbi, ugeuze kuwa mng'ao kwa umbali wa nyota. Muzerolle na wenzake walionyesha mwaka 1998 kwamba logi ya mng'ao wa umezaji ni 1.26 mara logi ya mng'ao wa mstari huo, kujumlisha 4.43, zote katika vipimo vya Jua. Mstari wenye logi ya −4 hutoa −0.61, yaani takriban robo ya mng'ao wa Jua.

Kasi ya umezaji, kwa masi ya Jua kwa mwaka, ni takriban 4 × 10⁻⁸ mara mng'ao huo, mara nusukipenyo, kugawanya kwa masi. Humo mna dhana kwamba gesi huanguka kutoka umbali wa nusukipenyo 5 za nyota. Kwa nyota yetu ya mfano, jibu ni 3 × 10⁻⁸. Uhusiano huo una mtawanyiko mkubwa, na umezaji wenyewe hubadilika kati ya usiku na usiku, hivyo tofauti ya mara mbili na thamani ya mtu mwingine haipaswi kukutia hofu.

Matatizo ya kawaida na tiba yake

*Joto au mvutano umekwama kwenye ukingo wa jedwali la modeli.* Mara nyingi mwanga mfululizo (usawa wa spektra pasipo mistari) haujasawazishwa vizuri, au r imefungwa kwenye thamani moja. Ifungulie r kwanza.

*Ufifizaji umetoka hasi.* Mistari ya data ina kina kuliko ya modeli. Angalia kama umetoa mwanga wa anga kupita kiasi, kisha angalia kama modeli yako ina joto kubwa mno.

*Kaboni monoksidi inatoa mwanga badala ya kufyonza.* Gesi ya moto ya diski ya ndani inang'aa. Acha eneo lote baada ya 2.29 na utumie mistari ya atomi peke yake.

*Mistari yote imegawanyika mara mbili.* Nyota ni pacha. Ikiwa titani imegawanyika na kaboni monoksidi haijagawanyika, ni sumaku.

*Mvutano wa spektra haulingani na ule wa Hatua ya 7.* Angalia mistari ya kaboni monoksidi na mabaki ya alama za methani ya angahewa, halafu angalia kama nyota ina jirani asiyetenganishwa anayeongeza mng'ao na hivyo kupunguza mvutano wa Hatua ya 7.

*Joto la infraredi ni dogo kuliko lililochapishwa kutokana na mwanga unaoonekana.* Hili huenda lisiwe kosa. Madoa baridi huchangia mwanga mwingi zaidi katika infraredi, na nyota LkCa 4 ilipochunguzwa kwa IGRINS ilionekana kufunikwa na madoa kwa takriban asilimia 80 ya uso wake. Jaribu modeli yenye joto mbili, na uandike zote mbili pamoja na sehemu ya uso inayomilikiwa na kila moja, badala ya kuchukua wastani wa thamani yako na ile iliyochapishwa.